Sifa za Shamba kwa Nyuzi Nane

Tarehe 30 Agosti 1742, huko Kleinzschocher karibu na mji wa Leipzig, mtunzi mashuhuri wa Ujerumani, Johann Sebastian Bach, alimtunukia Carl Heinrich von Dieskau, bwana mpya wa ardhi ile, kantata ambayo waimbaji wake huvaa nafsi za wakulima. Na humo, badala ya kushika adabu za majumba ya wakubwa, aliingiza lahaja ya wenyeji wa Saksonia na midundo ya ngoma za vijijini, ikadhihirika kwamba maisha ya shamba yanastahiki ustadi uleule anaoutumia mtunzi katika kumtukuza Mola.

Fani ya namna hiyo tunayo hapa petu. Pap Onditi, katika tambarare ya Nyakach, kwa watu wa mtama na ng'ombe, mwenye kuyaadhimisha maisha ya mashamba ni mpiga nyatiti. Huketi juu ya kigoda kifupi, chombo chake kimelala ubavuni mwake, bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Vidole vyake vyatembea juu ya nyuzi nane, ambazo zamani zilikuwa za kano za ng'ombe na leo aghalabu ni za nailoni. Pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu yagonga mti wa chombo, njuga za mguuni zaitikia, na juu ya hayo yote yeye mwenyewe aimba. Mtu mmoja, basi, hufanya kazi ambayo Bach aliwagawia wengi.

Lakini fahari ya fani hii iko katika pakruok. Msikilizaji husimama, akausimamisha muziki, akatoa fedha, kisha akajisifu mbele ya hadhara: ukoo wake, shemeji yake, fahali wake, kijiji alikozaliwa mama yake, naye mpigaji, bila kupotewa na mdundo, huzipokea sifa hizo na kuzisuka ndani ya wimbo. Katika kantata ile wakulima humsifu bwana. Katika pakruok mkulima husifiwa yeye, kwa jina lake na kwa mali yake, na zamu humfikia kila aliyehudhuria. Kwa insafu hiyo nyatiti yaishinda kantata, wala sioni haya kulisema.

Marehemu Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliwafikishia walimwengu sauti ya nyatiti kwa wimbo wa Kothbiro, ambao habari yake ni mvua inayokuja na ng'ombe wanaopaswa kurudishwa nyumbani: jambo la kila siku la mchungaji, lililopewa heshima ya sanaa.

Kwa hiyo, enyi wenye arusi na matanga katika Nyakach, msitosheke na vipaza sauti vya kukodi. Mwiteni mpiga nyatiti, mlipeni ujira wa haki, na mwekeni kijana mmoja karibu naye ajifunze, kwani ustadi huu haurithiwi ila kwa kukaa na mwenye kuujua.