Kazi Iliyo Nyuma ya Plaiwudi

Hiace ikishang'olewa viti, mazulia na plastiki za kutani, hubaki bati tupu, mbavu za chuma zilizopinda kutoka sakafuni hadi darini, na matundu ya boliti zilizokuwa zimeshika viti vya abiria. Anayetaka kuigeuza iwe gari la kulala safarini huanzia hapo, na jambo la kwanza analogundua ni kwamba ndani yake hakuna ukuta hata mmoja ulionyooka. Seremala wa nyumba ana timazi na pimamaji. Akipata kona ya nyuzi 90, kabati lake litakaa. Ndani ya gari, pimamaji inakupa habari za ardhi gari liliposimama, si za gari lenyewe. Lisogeze mbele kidogo, jibu linabadilika.

Ndiyo maana naipenda kazi hii kuliko useremala mwingine wowote ninaoujua. Haikubali vipimo vya kukariri. Kifaa chake kikuu ni boksi tupu la dukani. Unakata kadibodi kwa kukadiria, unaisimamisha karibu na ubavu wa gari, unachukua kibao kidogo chenye penseli iliyofungwa pembeni, kisha unakiburuza polepole kikifuata bati kutoka chini hadi juu. Penseli inachora mkunjo wote wa ukuta. Unakata, unajaribisha, unatazama mwanga unapenya wapi, unaongeza kipande kwa tepu, unakata tena. Kadibodi ikishashikana na ukuta pande zote, unailaza juu ya plaiwudi na kuifuatisha. Mafundi wa majahazi wa Nungwi na Lamu wanaijua hekima hii kwa mbao nzito zaidi: ubao unapelekwa chomboni, unapimwa, unarudishwa kuchongwa kwa tezo, unapelekwa tena mpaka ukae mahali pake. Wahenga wa pwani waliposema usione vyaelea, vimeundwa, walikuwa wameiona kazi ya namna hii kwa macho yao.

Lakini plaiwudi, ambayo ndiyo mgeni ataisifu, huja mwishoni. Sehemu kubwa ya ufundi hufanyika kabla yake na hufunikwa nayo, na humo ndimo thamani ya gari zima ilimo.

Kwanza ni kutu. Gari lililofanya kazi Tanga, Dar es Salaam au Mombasa limekula chumvi ya bahari miaka mingi, na kutu hujificha chini ya zulia, kwenye mfereji wa mlango wa kuburuza na kuzunguka matundu ya viti. Inasagwa kwa grainda mpaka chuma king'ae, inafuata rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kawaida juu yake. Tundu lisilo na kazi linazibwa kwa kipande cha bati kilicholehemiwa. Na kila tundu jipya unalotoboa kwa keekee, hata liwe dogo la kupitisha waya, kingo zake zipakwe rangi siku hiyo hiyo, kwa sababu bati lililokatwa halina tena ngozi ya kulikinga. Hakuna atakayekupongeza kwa hilo. Ukishafunika, hata wewe hutaliona tena.

Baada ya kutu ni joto na jasho, na hapa watu wengi huharakisha. Watu wawili wakilala ndani ya gari lililofungwa, pumzi na ngozi zao hutoa kwa urahisi nusu lita ya maji kwa usiku mmoja. Ukilala Lushoto au Njombe mwezi wa Julai, bati la nje linakuwa baridi kali, na mvuke huo ukiligusa unageuka matone yanayoteremka nyuma ya mbao usikoyaona. Ukijaza sponji ya godoro kwenye mbavu za gari, sponji inayanywa maji hayo na kuyashikilia juu ya chuma, na kutu uliyoiondoa kwa jasho inarudi. Kinachofaa ni ule mpira mweusi wenye povu lililofungwa ambao mafundi wa viyoyozi huvisha mabomba. Huuzwa pia kwa mashuka mapana. Maji hayapenyi ndani yake, na ukibandikwa vizuri juu ya bati, mvuke haupati mahali baridi pa kugandia. Karatasi ya kung'aa inayorudisha joto inasaidia pia, mradi upande wake mmoja uwe na nafasi ya hewa. Ikibanwa kati ya bati na ubao, haina kazi.

Pwani tatizo linageuka: adui ni jua la mchana. Mpira ule ule unalipunguza makali, lakini hautoshi bila hewa inayotembea. Feni ndogo darini inayovuta hewa kwenda nje, pamoja na dirisha lililofunguliwa kidogo upande wa pili, chini, lenye wavu wa mbu, ina faida kuliko unene wowote wa kuta. Mtu aliyelala ndani ya gari Bagamoyo mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha umeme. Volti 12 haikurushi ukiigusa, na upole huo umewadanganya wengi. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina takriban wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu, tumia nusu tu, yaani 600. Friji ndogo ya kompresa inayokula wati 45 inapozunguka, ikizunguka nusu ya siku, inamaliza 540. Betri imekaribia kikomo chake, na bado hujawasha taa wala kuchaji simu. Paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa, kwenye jua zuri, hurudisha kiasi hicho na ziada kidogo. Siku za mawingu hairudishi. Anayetaka birika la umeme la wati 2,000 ajue kwamba inveta yake itavuta zaidi ya ampea 160 kutoka kwenye betri, na waya wa kubeba mzigo huo unakaribia unene wa kidole. Chai ichemshwe kwa gesi. Hesabu hizi zinahitaji kalamu, karatasi na ukweli kuhusu namna unavyoishi, na kwangu ni mojawapo ya raha za kazi hii: mara chache maisha ya kila siku hukubali kuwekwa kwenye mstari mmoja wa tarakimu namna hiyo.

Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya, na kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kila waya unapopita kwenye tundu la chuma uvishwe mpira. Kila baada ya kiganja kimoja ufungwe kwenye ubavu wa gari. Nyumba imesimama, gari linatikiswa na kila barabara ya vumbi, na mtikisiko huo unasaga waya juu ya kingo za bati usiku na mchana mpaka ufike kwenye shaba. Moto wa gari zima unaweza kuanzia mahali padogo hivyo.

Kuhusu gesi siwezi kutumia lugha laini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja hushuka na kutuama sakafuni, kwa hiyo kasha la mtungi, hata mdogo wa kilo 6, lizibwe upande wa ndani na liwe na tundu chini linalotokea nje ya gari. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani kamwe, wala kuingizwa lingali na makaa mekundu kwa ajili ya kuota moto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu aliyelala haamki kuikimbia.

Yote hayo yakishakamilika ndipo mbao zinapoingia, na mbao nazo zina mizani yake. Mninga ni mzuri, na kila mmoja wetu aliyekulia kwenye kitanda cha mninga anautamani, ila uzito wake katika gari ni mzigo wa kudumu, unaolipiwa mafuta kila kilomita. Fremu za msaipresi au paini na plaiwudi ya milimita 12 zinatosha. Mninga ubaki kwenye ukingo wa meza, mahali mkono unapopumzika. MDF isiingie kabisa, maji yanaivimbisha. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, na madumu matatu yakiwekwa juu ya kabati yatalivuta gari kwenye kila kona. Vizito vyote vikae chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Upana wa ndani wa Hiace ya kawaida ni takriban mita 1.5, kwa hiyo mtu mzima halali kwa mapana. Kitanda kinafuata urefu wa gari, na mpangilio wote unaobaki unakitii.

Wajerumani walilifanyia jambo hili kazi mapema. Mwaka 1947 Mholanzi Ben Pon alichora gari lenye umbo la boksi; Volkswagen ikaanza kuliunda mwaka 1950, na mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ikatoa samani za kulala na kupikia zilizoweza kuingizwa na kutolewa, ili gari libebe mizigo siku za kazi na familia siku za mapumziko. Mpango huo unatufaa sisi kuliko magari ya anasa tunayoyaona kwenye picha. Wachache kwetu wanaweza kuliacha gari likae miezi likingoja likizo. Kitanda na jiko vinavyofungwa kwa boliti nne kwenye yale yale matundu ya viti, vikashushwa na watu wawili Jumapili jioni, vinaiacha Hiace irudi kubeba mchele Jumatatu.

Na tusiseme ufundi huu ni wa wageni. Hiace tumeishi nayo. Toyota iliitoa mwaka 1967, na Kenya ilipokaza kanuni za matatu mwaka 2004, ile ya abiria 14 ikawa kipimo ambacho kila mtu anakijua. Gereji za Nairobi na Arusha zimekuwa zikikata mapaa ya magari na kuyawekea mapaa ya kuinuka ili watalii wasimame watazame simba. Mafundi wetu wanajua kuutoa ubavu wa gari na kuurudishia nguvu yake bila paa kuyumba. Seremala wa Keko na mchomeleaji wa Gerezani, pale Dar es Salaam, wana mikono ya kutosha kwa kila nililolitaja hapa. Kilichokosekana ni sisi wenyewe kutaka kulala Mbeya, Kilwa au kando ya Ziwa Nyasa kwenye nchi yetu, ndani ya gari letu.

Kwa nini basi mtu ajifanyie mwenyewe, wakati mafundi wapo na bei zao si kubwa? Nimelifikiria swali hili muda mrefu, na jibu langu halihusu kubana fedha. Sisi wateja tunawalipa mafundi kwa kinachoonekana. Tunapatana bei ya kabati, vanishi, kitambaa cha godoro. Hakuna anayeuliza bei ya rangi ya pili chini ya sakafu. Fundi anayepaka rangi hiyo anaipaka kwa hasara yake, na fundi mwenye watoto wa kusomesha ana sababu nzuri ya kuiacha. Kazi iliyofichwa inakuwa mbovu kwa sababu soko letu limeiita bure. Mwenye gari akiingia mwenyewe na msasa, akapiga magoti juu ya bati, anaitambua gharama ya kweli ya kazi hiyo kwa mabega yake. Kulehemu amwachie anayejua kulehemu. Karatasi nazo asizipuuze: kadi ya gari inayosema abiria 14 ibadilishwe, kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, huko Kenya au mamlaka ya mapato, TRA, Tanzania, na kampuni ya bima ielezwe gari limekuwa nini. Lakini kutu, waya na ule mpira mweusi afanye kwa mikono yake, au asimame pale vinapofanywa, maana ndiye atakayelala kando yavyo.

Huo ndio uzuri wa kazi hii kama ninavyouona: mfanyaji na mtumiaji ni mtu mmoja, kwa hiyo hakuna wa kudanganywa. Taa ikizimika usiku wa manane njiani kwenda Songea, aliyeupitisha waya anajua ulipo, nyuma ya ubao gani, umefungwa kwenye ubavu wa ngapi kutoka mlangoni. Hapapasi. Anafungua skrubu nne.

Nawe ukiamua kumpa fundi kazi yako yote, nakuomba uanze maelewano kwa yale usiyoyaona. Mwambie utalipia kusaga kutu, utalipia rangi ya chini na ile ya juu yake, utalipia mpira kwenye kila tundu la waya, na kila moja liandikwe na bei yake kabla ya kabati kutajwa. Piga picha za kuta zikiwa wazi, umwachie na yeye nakala, ili mteja wake wa pili aione kazi hiyo na aje tayari kuilipia.