Zimwi la mstari mmoja

Jumamosi iliyopita, kwenye kibanda nyuma ya soko la Sondu, nilimleta Luanda Magere katika mchezo wetu wa kuigiza kwa dadu. Nilikuwa nimemwandikia ukurasa mzima, kama wanavyofanya Monster Manual: pointi za uhai, ugumu wa ngozi, wepesi, akili, hadi kasi ya kuogelea. Raundi ya tatu bado nilikuwa napekua karatasi. Wachezaji washaingia kwa simu.

Dungeons & Dragons ya 1974 ililipa kila zimwi mstari mmoja wa jedwali. Leo zimwi moja laweza kumeza ukurasa. Lakini nyanya zetu walimmaliza Magere kwa sentensi tatu: mwili wake ni jiwe. Choma kivuli chake, atatoka damu. Siri anaijua mkewe, binti wa Lang'o, yaani majirani zetu Wakalenjin.

Kwangu hiyo inatosha. Unajua kisichofaa, kinachofaa, na wa kuulizwa. Nguvu 24 haikuambii lolote kati ya hayo.

Nikaikunja karatasi, nikasema hizo sentensi tu. Rafiki yangu Mkipsigis akacheka: "Msee, kwenu huyu ni shujaa. Zimwi ni huku kwetu."

Meza ikanyamaza. Sondu ni mpakani, na nyumba zilizochomwa hapa bado tunazikumbuka.

Kisha akauliza, "Huyo mke yuko wapi? Nataka kuongea naye kwanza."

Simu zote zikawekwa chini.