Hitilafu 79: maktaba inayosingiziwa

Linux ina ujumbe mwingi wa kuchanganya, lakini hitilafu namba 79 inapotosha kuliko mwingine wowote niujuao. Unataka kupachika folda ya pamoja kutoka kwenye seva ya Windows. Anwani ni sahihi, nywila ni sahihi, bandari 445 iko wazi. Amri ya mount inagoma, ikidai imeshindwa kufikia maktaba ya programu inayohitajika. Basi fundi anasakinisha upya cifs-utils, anapekua /usr/lib, asubuhi inaisha. Hakuna maktaba iliyopotea.

Kerneli imeshasema tatizo ni nini, ila imelisemea kwingine. Andika dmesg usome mistari ya mwisho: CIFS inalalamika kwamba iocharset utf8 haikupatikana. Chaguo la iocharset=utf8 linategemea moduli iitwayo nls_utf8, yenye kazi ya kugeuza herufi za majina ya mafaili, na moduli hiyo haimo kwenye mashine. Kerneli ikarudisha namba 79, na programu ya mount ikaisoma namba hiyo kwa maana yake ya vitabuni.

Kwa nini haimo? Kwenye Ubuntu, moduli za kerneli zimegawanywa katika vifurushi viwili, linux-modules na linux-modules-extra. Mashine nyingi za kukodi mtandaoni huja na cha kwanza tu, ili picha ya mfumo iwe nyepesi. Uamuzi huo naukubali; seva isiyo na spika haihitaji moduli za kadi za sauti. Nisichokubali ni ujumbe.

Dawa ni fupi:

sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)

Kisha pachika tena, bila hata kuwasha mashine upya. Ila dawa hii ina mtego: inafunga kifurushi kwenye toleo la kerneli linalotumika leo. Kerneli mpya ikiingia na mashine ikiwashwa upya, folda inatoweka tena, na safari hii hakuna anayekumbuka sababu. Afadhali usakinishe kifurushi kinachofuata kerneli yako kila inaposasishwa, kama linux-modules-extra-aws au linux-modules-extra-azure. Wapo wanaofuta iocharset=utf8 na folda ikapachikika. Kwa majina ya Kiswahili huenda usione tofauti, mpaka lije faili lenye jina la Kiarabu.

Namba 19 ni jamaa yake wa karibu: hapo inayokosekana ni moduli ya cifs yenyewe. Kwenye Arch, mara nyingi chanzo ni pacman -Syu, inayoondoa moduli za kerneli ya zamani ilhali kerneli hiyo bado inafanya kazi kwenye kumbukumbu. Linganisha uname -r na ls /lib/modules. Zikitofautiana, washa mashine upya. Na kama uko ndani ya kontena, modprobe ya humo haitakusaidia: kerneli ni ya mashine mwenyeji, moduli ipakiwe huko.