Chuma na msafara uliofiwa na kiongozi njiani

Tarehe 28 Juni 1879, ugonjwa wa kuhara damu ulimuua Keith Johnston huko Behobeho. Alikuwa mchora ramani kutoka Uskochi, ametumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, na msafara wake wa watu wapatao 150 ulikuwa umetoka Dar es Salaam mwezi uliotangulia tu. Mzungu mwenzake, Joseph Thomson, alikuwa na miaka 21 na hakuwa ameongoza msafara hata mmoja. Mbele kulikuwa na bonde la Ulanga, yaani Kilombero la leo, na nchi ya Mahenge, iliyosifika kwa vita.

Hawakurudi pwani.

Maagizo ya London yalisaidia. Yalitaka wafike ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kisha waende Ziwa Tanganyika ikiwezekana. Lengo lilikuwa moja, mengine yakawa nyongeza, kwa hiyo kifo cha kiongozi hakikuuvunja mpango.

Lakini uzito mkubwa ulikuwa kwa James Chuma, Myao aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa mpelelezi David Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874. Yeye ndiye aliyekuwa mnyapara mkuu. Alishughulika na kuandika wapagazi, na mapema mwaka huo alikuwa amekwenda na Wazungu hao hadi Usambara, safari fupi ya kupimana. Johnston alipofariki, kazi za kila siku hazikuyumba: nani abebe mzigo upi, posho igawiwe vipi, nani azungumze na wenyeji. Aliyebadilika ni mwenye kuamua waelekee wapi, basi.

Majira nayo hayakuwa jambo dogo. Watu wa Ifakara wanajua masika yanavyoligeuza bonde la Kilombero kuwa ziwa. Kabla ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, kujengwa juu ya Mto Kilombero, hata magari yalingoja kivuko. Msafara uliondoka pwani Mei, mvua zikiishia, ukalikuta bonde katika kiangazi. Kama wangekaa Behobeho miezi kadhaa wakingoja amri mpya kutoka London, mvua zingewakuta njiani.

Walifika Nyasa Septemba. Kusini mwa Tanganyika wakagawana: Chuma akabaki Liendwe na sehemu kubwa ya msafara, Thomson akaenda na watu wachache hadi Mto Lukuga. Alipotaka kusonga kuelekea Kongo, Warua, wenyeji wa huko, walimzuia. Mpango huo ukafa, safari ikaendelea, kwa kuwa kambi ya kurudia ilikuwa bado mikononi mwa Chuma. Wakapitia Tabora na kufika pwani Julai 1880.

Thomson alipata umaarufu na miaka mitatu baadaye akatumwa Umasaini. Chuma alifariki 1882. Safari ile ilistahimili mabadiliko kwa sababu ya mnyapara wake, na anayeiandika historia yake aanze na jina la Chuma.