Teiksobaktini: dawa iliyopatikana kwa kurudi udongoni

Teiksobaktini ni antibiotiki iliyotangazwa Januari 2015 katika jarida la Nature na watafiti walioongozwa na Kim Lewis wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, pamoja na kampuni ya NovoBiotic. Hutengenezwa na bakteria Eleftheria terrae, aliyetolewa kwenye udongo wa shamba la nyasi katika jimbo la Maine, Marekani.

Udongo ulikuwa chimbuko la dawa za aina hii tangu zamani. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibiotiki kutibu kifua kikuu, ilipatikana humo mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman. Tatizo ni kwamba takriban asilimia 1 tu ya bakteria wa udongoni hukubali kukua katika kisahani cha maabara. Hao walichunguzwa kwa miongo kadhaa, hata watafiti wakawa wanagundua upya dawa zile zile.

Kilichobadilishwa ni mahali pa kuotesha. Mtafiti Slava Epstein na wenzake walibuni iChip, kibao chenye mamia ya vitundu vidogo. Udongo huchanganywa na maji, mchanganyiko ukazimuliwa hadi kila kitundu kinase wastani wa seli moja. Kibao hufunikwa pande zote mbili kwa utando unaopitisha virutubisho lakini hauruhusu bakteria kutoka wala kuingia, kisha hurudishwa udongoni. Bakteria hujiona yuko kwao. Kwa njia hii karibu nusu ya seli huota, na makundi mengi yakishakomaa huweza kuendelea kukua maabarani. Ndiyo hatua iliyoamua kila kitu. Majaribio yaliyofuata, ya kupima takriban aina 10,000 za bakteria walioota dhidi ya bakteria Staphylococcus aureus, yalikuwa kazi ya kawaida ya subira.

Namna teiksobaktini inavyoua inaeleza kwa nini usugu ni mgumu kuzuka. Bakteria hujenga ukuta wa seli kwa matofali yanayobebwa na mafuta; tofali pamoja na mafuta yake huitwa lipidi II. Vankomaisini, antibiotiki nyingine, nayo hushika tofali hilo, ila kwenye mkia wake wa asidi amino, na bakteria sugu wamejifunza kubadilisha mkia huo. Teiksobaktini hushika sehemu ya fosfati na sukari, ambayo haibadiliki kwa urahisi, kwa kuwa si protini inayoandikwa moja kwa moja na jeni ambayo badiliko moja lingeigeuza. Staphylococcus aureus alipowekwa siku 27 katika dozi isiyotosha kumuua, usugu haukuonekana. Matokeo hayo yanatia moyo kweli, ingawa hayathibitishi kwamba usugu hautatokea kamwe: hata vankomaisini ilitumika takriban miaka 30 kabla ya usugu kuenea.

Katika panya, dawa iliponya maambukizi ya Staphylococcus aureus sugu kwa antibiotiki ya methisilini, na katika chupa za maabara iliua pia bakteria wa kifua kikuu. Haiwawezi wengi wa kundi la Gramu hasi, kama E. coli, kwa sababu utando wao wa nje huizuia kufika kwenye lipidi II. Mwaka 2023 njia hiyo hiyo ya kuotesha kwa iChip ilizaa antibiotiki nyingine, klovibaktini, kutoka udongo wa kichanga wa North Carolina. Nayo hushika fosfati ile ile, na kizuizi cha utando wa nje kinabaki palepale.