Fundi Anayefuata Maji

Kisii ikisifiwa kwa ufundi, sifa huishia Tabaka, kwenye mawe laini yanayochongwa vifaru na mabakuli. Sina ugomvi na Tabaka. Lakini huku Nyacheki, upande wa Bobasi, mvua haijali sanamu. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda vilimani mchana kutwa, na ikifika alasiri mawingu yameshafunga. Hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, mara nyingine mvua ya mawe. Sensa ya 2019 ilikuta kaya takriban 8 kati ya 10 nchini Kenya zinaishi chini ya mabati. Anayestahili kuimbwa hapa ni yule anayeitwa mabati hayo yakianza kuvuja.

Simsemi fundi wa kuezeka. Huyo hupewa mbao mpya na mabati yanayong'aa, na akimaliza wapita njia husimama kutazama juu. Namsema fundi wa kuziba, anayerithi makosa ya mwenzake. Mwenye nyumba humwonyesha beseni sakafuni: "Fundi, panavuja hapa." Naye hujibu kwa upole, "Hapa panadondoka tu, mama. Tutafute panapovuja."

Maji yakishaingia kwenye tundu hung'ang'ania upande wa chini wa bati, yakafuata pao, yakateremka na kenchi, na huenda yakaanguka hatua kadhaa kutoka yalikoingilia. Anayepanda juu moja kwa moja na kopo la lami ataziba mahali pazima. Mjuzi huingia darini kwanza, mchana, akakaa gizani bila tochi mpaka macho yazoee. Tundu lililo wazi hujitaja lenyewe kwa nukta ya mwanga. Ndipo huwasha tochi na kufuata alama za kahawia kwenye mbao, akipanda nazo kuelekea juu.

Mara nyingi mkosaji ni mkaratusi. Ndio mti unaokua upesi, basi hupasuliwa na kupigiliwa ungali mbichi. Ukikauka hujipinda na kuvuta msumari. Jua nalo halilali. Bati la mita 3 likipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka milimita 1 na ushei, kisha mvua hulipoza ghafla, likanywea. Mchezo huo wa kila siku hupanua tundu na kuchosha raba iliyo chini ya kofia ya msumari. Jikoni, moshi wa kuni hulila bati kwa chini. Na kuna waliopigilia misumari bondeni mwa wimbi, maji yanapopita, badala ya mgongoni. Hao sijui walifundishwa na nani.

Juu ya paa, mwangalie miguu. Hukanyaga kwenye mstari wa misumari tu, kwa kuwa chini yake ndipo penye mbao. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa London, alisajili bati la mawimbi mwaka 1829 akijua kwamba mkunjo ndio unaolipa bamba jembamba nguvu zake; fundi wetu anajua hilo kwa nyayo. Wimbi likibonyea limekwisha nguvu, na hapo maji yatatuama.

Kazi ya moto, ya kuziba mwanya kwa risasi iliyoyeyushwa, ndiyo ninayoipenda zaidi. Asidi hutiwa vipande vya zinki kutoka betri kuukuu mpaka iache kutokota. Kutu husuguliwa hadi chuma kionekane. Kichwa cha shaba hupashwa kwenye makaa: kikiwa baridi risasi hufanya vinundu, kikizidi joto huunguza zinki. Risasi ikikubali, hukimbia yenyewe ndani ya mwanya. Bati la rangi huikataa. Hilo hutaka kiraka, ribiti na silikoni. Na gata inayojaza tangi la maji ya kunywa, fundi mwenye dhamiri haigusi kwa risasi, maana ni sumu. Hukunja kingo mbili, akazifunganisha na kuzigonga kwa nyundo ya mbao juu ya kipande cha reli.

Baadaye huja mabishano ya malipo. Mwenye nyumba huhesabu alichokiona: misumari mitatu na kiraka kimoja, basi mbona bei hii? Mimi ningemlipa kwa ule muda aliokaa darini, gizani, kabla hajagusa nyundo.