Mtaa Unaoitwa Jisaidie

Witeithie, kwa msiojua Kikuyu, maana yake ni jisaidie. Ukishuka stejini hapa, kati ya Juja na Thika, utampita mama wa mahindi, utampita jamaa wa kava za simu, halafu utafika kwenye turubai la vitabu. Juzi nilisimama nikavihesabu. Vitabu thelathini na kimoja, na ishirini na viwili vilikuwa vya kunifundisha kujisaidia: Robert Kiyosaki, Robert Greene, Mark Manson, na Napoleon Hill ambaye kitabu chake kilitoka 1937 na bado kinauzwa kama mkate wa asubuhi. Vilivyobaki vilikuwa riwaya mbili za mapenzi, Biblia, atlasi ya enzi za Moi, na mirundiko ya marudio ya KCSE.

Sitaki kuanza kwa kuvitukana. Wakosoaji wa rika langu wanapenda kucheka vitabu hivi, kisha ukiingia kejani kwao unavikuta chini ya godoro. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, na tangu hapo kila mtu anayenipenda amenipa Rich Dad Poor Dad. Shangazi alinipa moja. Rafiki akanipa nyingine siku yangu ya kuzaliwa. Ya tatu niliachiwa na mpangaji aliyehama usiku. Naelewa kwa nini wananipa. Kitabu kinamwambia mtu aliyeacha shule kwamba shule haikuwa na maana sana, na hayo ni maneno matamu mno kuyasikia ukiwa umekaa kitandani saa nne asubuhi bila pa kwenda.

Lakini ukimaliza kukisoma unagundua kimekuacha peke yako na kosa. Ukikwama ni akili yako iliyokwama. Hakuna ukurasa unaokwambia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990, Benki ya Dunia na IMF zikiikaba serikali, vyuo vya umma vya Kenya vilianza kuwadai wanafunzi sehemu ya gharama iliyokuwa ikibebwa na serikali, na kwamba mzazi anayeuza sukuma leo analipa bili iliyoandikwa kabla mimi sijazaliwa. Hilo nililipata kwenye kitabu kingine, kikavu, cha historia ya uchumi, ambacho hakuna shangazi atakayekifunga kwa karatasi ya zawadi. Kilinisaidia kuliko Kiyosaki, maana kilinitolea mzigo ambao haukuwa wangu. (Kwa wanaopenda umbea: mwaka 2012 kampuni moja ya Kiyosaki, Rich Global LLC, iliomba kufilisiwa. Hilo pia halimo kwenye nakala zangu tatu.)

Kwa hivyo swali langu si kama vijana wa Thika Road wanasoma. Wanasoma. Nenda uone kwenye matatu. Swali ni jinsi mtu asiye na mhadhiri, asiye na kadi ya maktaba ya chuo, na mwenye mia mbili mfukoni, anavyoweza kupata kitabu chenye mtu ndani anayejua kitu. Na si kitabu kimoja. Nataka kujua udongo mweusi wa hapa kwetu unafanya kazi vipi, sheria ya mpangaji inasema nini, Waajemi walikuwa kina nani, benki inatengeneza pesa vipi. Orodha za mtandaoni za vitabu mia vya lazima hazinisaidii. Zinanakiliana. Ukizisoma tano umesoma moja.

Njia yangu ya kwanza niliipata kwa Greene mwenyewe, na hapa lazima nimpe haki yake. The 48 Laws of Power kimejaa historia. Chukua sheria ya kwanza, ile ya kutong'aa kuliko bwana wako. Ushahidi wake ni Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha wa Louis XIV wa Ufaransa, aliyemfanyia mfalme karamu ya kufuru kwenye kasri lake la Vaux-le-Vicomte, Agosti 1661. Wiki tatu hazikuisha, akakamatwa. Funzo: usimpite bosi. Hadithi tamu, na nimeisikia ikirudiwa kinyozi, kanisani na kwenye podikasti zisizopungua nne. Shida ni kwamba ukienda kwa wanahistoria unakuta mfalme alikuwa ameshaamua kumwangusha Fouquet miezi kabla ya karamu, huku Colbert akichokonoa hesabu zake za pesa za umma na kukitaka kiti chake. Karamu ilikuwa mapambo tu. Kilichomwangusha ni pesa na ushindani wa ofisini.

Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Karani mdogo pale Thika akisoma toleo la Greene atajifunza kuinamisha kichwa. Akisoma historia yenyewe atajifunza kuuliza nani anakagua hesabu na nani anakitaka kiti. Mmoja atakuwa mnyenyekevu, mwingine atakuwa macho.

Ila Greene hakuficha alikotoa vitu. Nyuma ya kitabu chake kuna orodha ya vitabu alivyovitumia, na orodha hiyo, kwangu mimi, ni bora kuliko sheria zote arobaini na nane. Ni mlango. Tatizo ni kwamba nakala yangu ya barabarani haina kurasa hizo. Aliyeichapa kichinichini alibana karatasi, akakata bibliografia na faharasa, akabakisha sheria. Nikafikiria sana juu ya hilo. Anayekuibia kitabu namna hii anakuachia amri na kukunyima ushahidi, na msomaji hata hajui kuna kitu kimepungua, maana hadithi imeisha na jalada limefunga vizuri. Siku hizi nikifika kwenye turubai nafungua nyuma kwanza. Kitabu cha kuelezea dunia kisichoniambia kilisoma nini, nakirudisha chini, hata kikiwa mbao.

Njia ya pili ni ya majirani. Kitabu huwa na ndugu na maadui, na ukishakipata kimoja, kazi ni kuwatafuta hao wengine. Mfano uko hapa hapa. Mji wetu una kitabu kimoja kilichozunguka dunia, The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, 1959. Kilifanywa hata mchezo wa televisheni 1981. Mgeni akitaka kusoma kuhusu Kenya hupewa hicho. Huxley aliletwa huku 1913 akiwa na miaka sita, wazazi wake wakija kujaribu kahawa, na kitabu ni kumbukumbu za huyo mtoto. Kimeandikwa vizuri, siwezi kukataa. Anaona vitu vidogo: vumbi, nyasi, jinsi watu wazima wanavyodanganyana. Lakini anayekumbuka ni mama mwenye miaka zaidi ya hamsini, anayeandika vita vya Mau Mau vikiwa ndio vimezimwa na kambi za kizuizini bado ziko wazi, na Wakikuyu wa kitabu chake ni kama miti ya kichwa cha kitabu, wanapendezesha mandhari. Jicho la mtoto linamsaidia mwandishi asiulizwe ardhi ilitoka wapi.

Ukiishia hapo umedanganywa kwa uzuri. Basi endelea kutafuta. Utakuta kwamba Huyo Huxley, miaka ishirini kabla, alikuwa ameandika Red Strangers, 1939, riwaya ya vizazi vinne vya familia moja ya Kikuyu, inayowatazama wazungu kutoka nje kama viumbe wa ajabu waliotokea tu. Kilikuwa kimepotea sokoni hadi Richard Dawkins, yule mwanabiolojia, alipokipigania kikachapishwa tena na Penguin 1999. Mwaka mmoja kabla ya Red Strangers, Jomo Kenyatta alikuwa ametoa Facing Mount Kenya. Na sasa utamu: Huxley na Kenyatta wote wawili walikaa kwenye darasa la Bronisław Malinowski, pale London School of Economics. Walowezi na wenyeji, meza moja, mwalimu mmoja, vitabu viwili kuhusu watu wale wale. Visome pamoja uone nani anaficha nini. Kenyatta anaficha pia. Jamii yake imenyooka mno, kila mtu anajua nafasi yake, hakuna ugomvi wa ndani, kwa sababu alikuwa anaandika kesi ya ardhi huku amevaa joho la sayansi. Halafu ongeza Passbook Number F.47927 cha Muthoni Likimani, 1985, kinachofuata wanawake kwenye miaka ya Hali ya Hatari, na ghafla miti ya Thika ina watu chini yake.

Vitabu vinne hivyo vimenifunza historia, anthropolojia na namna ya kutoamini sauti tamu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye orodha ya mtu. Huxley nilimpata kwa mia na hamsini. Kenyatta nilimkopa kwa mzee mmoja wa ploti yetu ambaye alinipa masharti kama ya benki.

Kwa nini lazima iwe kwa turubai na kwa mzee? Hapo kuna kicheko cha uchungu. Shamba la Juja, ambalo Theodore Roosevelt alialikwa kuwinda 1909 na akaliandika kwenye kitabu chake, lilikuwa la Mmarekani tajiri, William Northrup McMillan. Amezikwa Ol Donyo Sabuk, Kilimambogo, mlima tunaouona ukikauka mawingu. Mjane wake akamjengea ukumbusho: maktaba ya McMillan, Nairobi, iliyofunguliwa 1931 yenye nguzo na simba wa mawe, kwa ajili ya wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa hadi ukoloni ulipokuwa ukingoni. Yaani utajiri wa huku ulisaidia kujenga rafu ambayo mtu wa huku hangeigusa. Leo ukitaka kwenda kusoma humo kutoka Witeithie unalipa matatu kwenda na kurudi, na nauli hiyo ni kitabu. Book Bunk, ya Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, imezikarabati maktaba za Kaloleni na Makadara, na nawaonea wivu watu wa Eastlands. Na kitabu kipya dukani? Mwaka 2013 serikali iliweka VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu. Ukishatozwa kodi kwa kutaka kujua, turubai linaanza kuwa na akili.

Lakini kuna rafu moja ambayo hata turubai halina, nayo ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu ninaandika kwa Kiswahili. Muulize muuzaji yeyote kitabu cha Kiswahili. Atakupa Chozi la Heri au Kidagaa Kimemwozea, vyote riwaya, vyote vya mtihani. Navipenda. Walibora alinifanya nipende kusoma. Ila umewahi kuona kwenye turubai kitabu cha Kiswahili kuhusu madeni? Kuhusu udongo, ubongo, mahakama? Tumezoea kuambiwa lugha haina hivyo vitu. Si kweli. Mtoro bin Mwinyi Bakari alieleza ndoa, dawa, mikopo na kesi za watu wa pwani kwenye Desturi za Waswahili, kilichochapishwa Ujerumani 1903. Tippu Tip alisimulia biashara yake, ya pembe na ya watu, kwa Kiswahili kikavu kama daftari la duka, na ubaridi huo ndio unaotisha. James Mbotela akaandika Uhuru wa Watumwa, 1934, kuhusu watumwa waliokombolewa na kupewa makao Frere Town, Mombasa. Shaaban Robert, ambaye shuleni tulimjua kwa mashairi tu, aliandika maisha ya Siti binti Saad. Lugha ilikuwa inajua kueleza dunia. Mfumo wa kitabu cha mtihani ndio ulioipunguza hadi ikawa ya hadithi na methali, na kila kitu kingine kikahamia Kiingereza.

Matokeo yake nayaona kwa marafiki zangu. Vijana wengi wa huku kwetu wanajilipia rent kwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Jirani yangu wa mlango wa tatu, kwa wiki moja, ameandika juu ya uuguzi wa wazee, soko la hisa la Tokyo na falsafa ya Kant. Hakuna profesa niliyewahi kukutana naye aliyegusa mambo mengi hivyo. Anasoma muhtasari, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho, anatuma kabla ya saa kumi alfajiri. Nilimuuliza ni kitabu gani alichokimaliza mwaka huu. Akafikiria, akasema cha Kiyosaki.

Nilimkopesha Uhuru wa Watumwa, nakala ya fotokopi niliyokuwa nayo, kwa sababu ni kifupi na kwa sababu ni cha Kiswahili. Alikimaliza kwa siku mbili, akaja kunibishia. Alisema Mbotela anawashukuru Wamishonari kupita kiasi, na kwamba kuna kitu hasemi kuhusu kazi ambazo watu hao walipewa baada ya kuwekwa huru. Nikamwambia ni kweli, hata mimi nililiona. Tulibishana kwenye ngazi hadi stima ikapotea. Sasa anataka kitabu kingine kuhusu Frere Town, kinachompinga Mbotela, na fotokopi yangu hajairudisha. Kwenye turubai hakipo, nimeshaangalia. Kama unacho, hata kikiwa kimekatwa jalada, tuongee bei.